Gari nimelipa hela yangu yote, dila anacheki krediti yangu ya nini?

Kibwana_Ohio

Wakuu habari za wikendi. Naombeni msaada kwa wale mlioko huku Marekani na mnayaelewa haya mambo ya krediti, yaani rekodi ya mtu ya kukopa na kulipa madeni.

Nimenunua gari lililotumika kwa dila, yaani yadi ya kuuza magari, hapa Columbus, bei dola 14,500 ukiacha kodi na usajili. Tangu simu ya kwanza nilimwambia yule muuzaji sitaki mkopo, hela ninayo, nitawatumia moja kwa moja kutoka benki kwangu kwenda benki kwao. Akasema poa hakuna shida. Nilipofika wakataka leseni kabla sijalijaribu gari, nikatoa, hiyo naielewa, huwezi kumpa mtu usiyemjua gari aondoke nalo. Sasa wakati tunamalizana akanipa tableti nijaze taarifa za mteja, jina, anwani, kazi nafanya wapi, mshahara, na namba ya soshali, ile ya hifadhi ya jamii. Nikamuuliza soshali ya nini wakati sikopi, akanijibu ni sheria ya serikali kwa gari lolote la zaidi ya dola 10,000, bila hiyo hawawezi kuniuzia. Mshahara nikaacha wazi, soshali nikaweka maana kasema ni sheria, nikasaini nikaondoka na gari langu.

Juzi aplikesheni ya krediti ikaanza kunitumia meseji kwamba kuna watu wameomba ripoti yangu, nafungua nakuta jina la ile yadi, chini yake benki ambayo sijawahi hata kuisikia, halafu na nyingine tena, zote tarehe ileile niliyochukua gari. Skoo, ile alama ya krediti yangu, imeshuka. Kinachoniuma mimi na mke wangu tunajiandaa kuomba mkopo wa nyumba, tumekaa muda mrefu hatugusi kitu chochote ili faili liwe safi, leo mtu niliyemlipa hela yake yote ndiye anakuja kulichafua. Nimewapigia wananiambia huo ni utaratibu wao kwa kila mteja.

Maswali yangu: ni kweli sheria inawaruhusu? Na hizi kitu zinafutika?

BintiMrima

Pole sana kaka. Hilo la "sheria ya serikali" wamekuchanganyia mambo mawili tofauti, na nasema wamekuchanganyia kwa sababu watu wa yadi wanaijua tofauti yake vizuri kabisa.

La kwanza, dola 10,000. Ni kweli ipo fomu inaitwa 8300, mfanyabiashara akipokea keshi ya zaidi ya dola 10,000 kwenye biashara moja anatakiwa aijaze na kuipeleka IRS, mamlaka ya kodi, ndani ya siku 15, na humo anaandika jina lako, anwani, kitambulisho na namba ya soshali. Lakini ile fomu inahusu keshi. Noti zinahesabika, na hundi za benki zenye thamani ya dola 10,000 kushuka chini nazo zinahesabika kama keshi kwenye mauzo ya gari. Hundi yako binafsi haihesabiki, na hela iliyotumwa kutoka benki kwenda benki haihesabiki kabisa. Wewe umesema umetuma benki kwa benki, basi hiyo fomu haikuhusu hata kidogo! Na hata ingekuhusu, soshali ingeandikwa kwenye fomu ikaenda IRS yakaisha, hakuna mahali popote fomu hiyo inamwambia dila akachukue ripoti yako ya krediti.

La pili ndio lenye uzito. Ripoti za krediti zinalindwa na sheria ya mwaka 1970, wenyewe wanaiita FCRA. Hiyo inasema mtu hawezi kuichukua ripoti yako mpaka awe na sababu inayotambulika kisheria, kwa mfano umemuomba mkopo, au umemwandikia idhini mwenyewe, au kuna biashara umeianzisha wewe na kweli anaihitaji hiyo ripoti ili biashara ikamilike. Mwaka 1998 wanasheria wa FTC, tume ya serikali inayosimamia biashara na kulinda wateja, waliulizwa hili swali la madila wa magari, wakajibu kwa barua kwamba mteja kuulizia bei au kuomba kulijaribu gari hakumpi dila ruhusa ya kuchukua ripoti yake. Lazima ieleweke wazi kwamba mteja ameamua kununua NA dila awe anaihitaji ripoti ili kukamilisha mauzo. Mfano waliotoa ni mteja anayetaka mkopo, au anayelipa kwa hundi yake binafsi ambayo inaweza kurudi haina hela. Sasa mtu ambaye hela yake imeshaingia kwenye akaunti yao unampima uaminifu wa kulipa kitu gani? Ameshalipa.

Jembe_la_Kale

Mnampotosha mwenzenu. Baada ya 2001 serikali ilikaza mambo ya pesa za magaidi, kila dila anatakiwa ajue anamuuzia nani, na njia ya kumjua mtu hapa Marekani ni krediti yake. Mimi gari langu la kwanza walicheki na la pili walicheki, nililipa keshi yote mawili. Ni kawaida, pointi zinarudi. Kama hutaki kuchekiwa kanunue kwa mtu binafsi.

BintiMrima

Kaka Jembe kwa heshima zote, unachokisema kipo nusu. Ipo orodha ya watu na kampuni zilizowekewa vikwazo, inatunzwa na OFAC chini ya wizara ya fedha, na hakuna mfanyabiashara Marekani anayeruhusiwa kufanya biashara na aliyemo humo. Lakini ile orodha iko wazi mtandaoni, unaandika jina unatafuta, bure, haiombi soshali wala haigusi faili la krediti la mtu. Nyingine wanayopenda kuitaja ni kanuni ya wizi wa utambulisho, ile inayowataka wanaokopesha wawe na mpango wa kugundua dalili za mtu anayetumia jina la mwingine. Inawahusu wakopeshaji na akaunti za mkopo. Nayo pia haisemi kila mteja achukuliwe ripoti.

Kwamba walikucheki mara zote mbili hilo nakuamini. Ila kufanyiwa hakumaanishi kuliruhusiwa.

Nuru_Houston

Mimi nafanya kazi yadi hapa Texas miaka mingi kidogo, ngoja niwaambie kinavyokwenda ndani maana nadhani wengi hamkioni.

Sisi wa mauzo tukishakubaliana bei na mteja, anapelekwa ofisi ya fedha, ile ya nyuma. Yadi nyingi faida kwenye bei ya gari ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, hela nzuri iko kule ofisi ya nyuma, kwenye riba na zile waranti za kuongeza. Benki inampa dila riba, tuseme asilimia 6, dila anamwambia mteja 7 na nusu, ile tofauti sehemu yake inarudi kwa dila. Kwa hiyo mteja akija na hela yake taslimu kuna watu wanaona kama mlango umefungwa, wanataka wacheki krediti yake kwanza halafu wamwite: unaona, umepitishwa kwa riba nzuri sana, kwa nini umalize akiba yako? Ndio maana unaona jina la yadi na chini yake benki. Taarifa zikishaingia kwenye mfumo kubonyeza kuzituma kwa benki tatu au nne ni sekunde tu, na kila benki inachukua ripoti yake yenyewe. Mimi sikubaliani na huo mchezo na nimeshagombana na meneja kwa ajili yake, maana mteja wa keshi ukimfanyia hivyo harudi, na hana kosa.

Ila ndugu Kibwana kuna kitu kimoja lazima ukiangalie kabla hujaanza kupambana nao. Zile tableti mara nyingi kinachoitwa "taarifa za mteja" ni fomu ya kuomba mkopo yenyewe, na karibu na pa kusaini kuna mstari mdogo unasema natoa idhini ripoti yangu ichukuliwe. Kama ulisaini chini ya maneno hayo watakuja kusema uliwapa ruhusa kwa maandishi, na ruhusa ya maandishi ni moja ya sababu halali alizozitaja dada BintiMrima hapo juu. Omba nakala ya kila kitu ulichosaini. Kila kitu, sio mkataba wa mauzo peke yake.

fundi_namba

Nakubaliana na Nuru, nakala kwanza. Baada ya hapo mimi ningekwenda hivi.

Andika barua kwa meneja mkuu wa yadi, sio kwa muuzaji, sema sikuomba mkopo, nililipa kwa kutuma benki tarehe fulani (ambatanisha risiti ya benki), naomba mnieleze mlichukua ripoti yangu kwa sababu gani halali, na muwaandikie Equifax, Experian na TransUnion, yale mashirika matatu yanayotunza ripoti za krediti, kwamba yalikuwa maombi yasiyo na idhini yafutwe. Benki zilizotokea nazo ziandikie hivyohivyo. Ukienda moja kwa moja kwa hayo mashirika matatu mara nyingi watakujibu kwamba ombi kweli lilifanyika kwa hiyo linabaki, ndio maana barua ya dila mwenyewe ina nguvu. Ukiweka pingamizi rasmi kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Vuta ripoti zote tatu uhakikishe ni nani na nani wamecheki, ukiingia annualcreditreport.com ni bure, usitegemee aplikesheni moja, nyingi zinaonyesha shirika moja au mawili tu.

Wakikataa, malalamiko peleka FTC na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lako. CFPB, ofisi ya serikali ya kulinda wateja wa huduma za fedha, wao madila wengi wa magari hawako chini yao, ila mashirika ya krediti na benki kubwa wako, kwa hiyo huko lalamikia hao. Na sheria yenyewe inakupa haki ya kushitaki, aliyekiuka kwa makusudi anaweza kuamriwa akulipe kati ya dola 100 na 1,000 hata kama huwezi kuonyesha umepoteza nini, pamoja na gharama za wakili wako, na kwa sababu hiyo wapo mawakili wanachukua hizi kesi bila kukudai kitu mwanzoni. Usikae sana, muda ni miaka miwili tangu ulipogundua.

Kuhusu skoo usipate presha sana. Kwa FICO, ile skoo inayotumika sana, ombi moja kwa watu wengi linapunguza chini ya pointi tano, linahesabiwa mwaka mmoja ingawa kwenye ripoti linaonekana miaka miwili. Na maombi ya mkopo wa gari yaliyofanyika karibukaribu yanahesabiwa kama moja, dirisha lake ni siku 14 mpaka 45 kutegemea toleo la skoo. Kwa upande wa nyumba, yule atakayewakopesha ataona hayo maombi ya karibuni na ataomba maelezo kwa maandishi kama kuna deni jipya. Ukiwa na risiti ya benki kwamba gari limelipwa lote, na hati ya gari isiyo na jina la benki yoyote, hayo maelezo ni aya moja.

Kibwana_Ohio

Aisee nawashukuru sana, dada BintiMrima, Nuru na fundi, hamjui mmenitua mzigo gani.

Nimerudi pale nikaomba nakala za kila kitu, mwanzoni wakasema mfumo hauwezi kuprinti, nikakaa pale mapokezi kwa utulivu tu mpaka meneja akatoka. Nuru umesema kweli tupu. Fomu juu imeandikwa maombi ya mkopo, sehemu ya kiasi kinachoombwa imewekwa sifuri, muda wa mkopo haujajazwa, na chini juu ya sahihi yangu kuna maandishi madogo ya kuruhusu ripoti ichukuliwe "kwa ajili ya maombi haya". Nikamuonyesha meneja ile sifuri kwa kidole, nikamuuliza maombi ya mkopo wa sifuri ni maombi ya nini. Hakuwa na jibu. Amesema atawaandikia mashirika na zile benki, nimemwambia naisubiri kwa maandishi na barua yangu nimemwachia, nakala moja amenigongea muhuri.

Swali la mwisho, nikifunga faili langu la krediti sasa hivi ili jambo hili lisijirudie, si litakuja kunizuia kwenye mkopo wa nyumba?

BintiMrima

Funga kaka, na mkeo afunge lake. Tangu Septemba 2018 ni bure kwa mashirika yote matatu, unafanya kwa kila moja peke yake. Siku mkienda kuomba mkopo wa nyumba mnalifungua kwa muda, unawapa tarehe ya kuanza na ya mwisho, ukiomba kwa simu au mtandaoni wanatakiwa walifungue ndani ya saa moja, baadaye linajifunga lenyewe. Halina madhara yoyote kwenye skoo.

Nuru_Houston

Na lifungwe KABLA ya kwenda yadi yoyote siku nyingine, maana sio lazima wawe na soshali, jina na anwani ya kwenye leseni mara nyingine vinatosha kuipata ripoti. Likiwa limefungwa akibonyeza anarudishiwa kwamba faili halifunguki, hapo itabidi aje akuulize mwenyewe.