Tupeane uzoefu: msongo ukikubana, huwa unakimbilia wapi?

Wakuu, habari zenu. Naanza mimi ili asije mtu akaona aibu.

Miaka niliyomuuguza mama, nilikuwa nakula usiku. Siyo njaa. Watu wakishalala naingia jikoni bila kuwasha taa, nakata mkate, namwagia sukari, nakula nimesimama huku mlango wa friji ukiwa wazi ndiyo mwanga wangu. Kipande cha kwanza nakisikia utamu. Cha nne sikumbuki hata kukimeza. Daktari alikuja kunieleza kwamba mwili ukibanwa muda mrefu hutoa homoni ya kortisoli kwa wingi, nayo huamsha hamu ya sukari na mafuta. Nilifarijika kusikia kuwa siyo ulafi, lakini sikuacha siku hiyo. Nilikuja kuacha mdogo wangu alipokubali kushika zamu mbili za usiku kila wiki. Nililala, basi.

Nanyi je? Semeni, hapa hatuhukumiani.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umenigusa. Mimi ni sigara, miaka 11. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hivi, ndiyo maana unaona nafuu papo hapo. Ila saa mbili baadaye nusu yake imeshatoka kwenye damu, mkono unapapasa mfukoni kutafuta kiberiti, na mtoto akiuliza swali unamfokea bure. Stresi niliyokuwa najidai naituliza, nyingi ilikuwa arosto ya sigara yenyewe. Wiki tatu za mwanzo za kuacha zilikuwa ngumu mno. Baada ya hapo nilishangaa jinsi nilivyo mpole.

Mchangiaji wa pili:
Kwangu ilikuwa glasi ya kulalia, zikawa tatu. Usingizi unakuja haraka kweli, ila saa tisa usiku macho makavu, moyo unadunda, madeni yote nayaona darini. Pombe ikianza kuisha mwilini, usingizi nao unakatika. Nawasihi jambo moja: kama unakunywa sana kila siku, usiache ghafla peke yako. Mwili unaweza kutetemeka hadi ukapata degedege. Nenda hospitali wakusimamie, hakuna aibu.

Mchangiaji wa tatu:
Simu. Naishika kuangalia saa, nashtukia alfajiri.

Mchangiaji wa nne:
Mimi nang'ata kucha mpaka zinatoa damu. Nikisalimiana na watu nakunja vidole wasivione. Nimepaka hadi pilipili, haikusaidia.

Mleta uzi:
Pole sana dada. Hebu jichunguze, huwa ni wakati gani hasa?

Mchangiaji wa nne:
Jioni, mume wangu akikaribia kurudi. Nikisikia geti tu, vidole viko mdomoni tayari.

Mleta uzi:
Dada, nimekutumia ujumbe pembeni. Ukipata nafasi ukiwa peke yako, ufungue.