Tupeane uzoefu: hali ya moyo ilipoamua jambo lisiloeleweka, kwa mnyama au kwa mtu

Wadau, naomba tukusanye hapa visa tulivyoshuhudia wenyewe. Nataka vile ambavyo jambo lilikuwa nusu kwa nusu, halijulikani ni heri au shari, na hofu, furaha au hasira ndiyo ikalipa maana. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza waliwafundisha panya kwamba mlio mmoja huleta chakula na mwingine huleta kelele ya kukera. Kisha wakawapigia mlio wa katikati. Panya waliokuwa wakivurugwa ovyo, leo matandiko yameloweshwa, kesho vizimba vimeinamishwa, hawakuwa wepesi kuuchukulia kama mlio wa chakula. Masikio yalikuwa mazima, ila walitarajia mabaya. Karibuni, tena msibane maelezo.

MfugaMbwa: Nina mbwa wawili. Mmoja alitelekezwa kabla sijamchukua, na akiachwa peke yake hulia na kukwangua mlango. Nikinyoosha mkono kuchukua kamba ukutani, huyo anarudi nyuma, masikio yamelala, macho kwenye mkono wangu. Mwenzake tayari yuko mlangoni anarukaruka. Mkono ule ule, kamba ile ile! Nilifurahi kusoma kwamba huko Bristol, Uingereza, mwaka 2010, mbwa 24 walipimwa kwa bakuli: upande mmoja lina chakula, upande mwingine tupu, halafu likawekwa katikati. Waliokuwa wakihangaika sana wakiachwa peke yao ndio waliolifuata kwa kusuasua. Inaniuma watu wanapomwita mbwa wa namna hiyo mkaidi.

MrinaAsali: Kwa nyuki nashuhudia kila msimu. Mzinga uliogongwa au kutikiswa huwezi kuufungua muda ule ule; hata harufu ambayo jana hawakuijali, leo wanaitokea. Mwaka 2011 watafiti wa Newcastle, Uingereza, waliwatikisa nyuki kwa dakika moja, kana kwamba mzinga umevamiwa, kisha wakawapa mchanganyiko wa harufu mbili: moja walishazoea kuipata na sukari, nyingine na kwinini chungu. Waliotikiswa walikuwa wepesi zaidi kukataa kunyoosha ulimi ili wale.

MdauMgeni: Kwa hiyo nyuki ana huzuni?

MrinaAsali: Hapana ndugu yangu, hapo usiruke. Kilichopimwa ni uamuzi wake, na huo ulibadilika. Anachohisi ndani hakuna aliyekiona.

Mwalimu: Kwa wanafunzi, karibu na mitihani, nikiandika pembeni ya daftari "Njoo tuzungumze" mtoto anakuja uso umeshuka, wengine wanamtuma rafiki aje kupeleleza kwanza. Wiki ya michezo, maneno yale yale yanapokelewa kwa tabasamu. Siku hizi naandika sababu papo hapo: "Njoo tuzungumze, hoja yako ya pili imenivutia."

MuuguziZamu: Naona wote mmeshika hofu. Hasira inavuta upande mwingine kabisa. Utafiti wa wanasaikolojia Lerner na Keltner wa 2001 ulionyesha kwamba wenye hofu huona hatari ni kubwa, ila wenye hasira huikadiria kuwa ndogo, karibu sawa na wenye furaha. Ndicho ninachokiona wodini. Ndugu wa mgonjwa aligombana na mwenzake korido, akaja kutaka mgonjwa aruhusiwe usiku ule ule: "Atapona tu nyumbani." Daktari alikuwa ameshaeleza kwa nini abaki. Sikubishana naye. Nilimpa kiti na maji, nikaendelea na wagonjwa wengine, baadaye nikamuuliza swali lile lile. Akasema abaki.

Mwanzisha mada: Asante sana dada. Ulijuaje kwamba sasa unaweza kumuuliza tena?

MuuguziZamu: Alianza mwenyewe kuniuliza dripu itaisha saa ngapi.