Mrejesho: hataza na leseni katika programu huria ya usimbaji fiche

Niliuliza kama ninaweza kusambaza programu yangu ya kusimba mafaili, iliyo chini ya GPL (leseni ya programu huria) toleo la 2, ikiwa inategemea OpenSSL, maktaba ya msimbo wa usimbaji fiche, na ina IDEA, mbinu ya zamani ya kusimba, ndani yake. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Hataza (haki za kisheria za mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) hazikusumbua: ya RSA, mbinu nyingine ya kusimba, iliisha Marekani mwaka 2000 na za IDEA zilikuwa zimekwisha kufikia 2012, hivyo IDEA imebaki, ingawa kwa kusoma mafaili ya zamani tu.

Leseni ndiyo iliyodai kazi. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021, OpenSSL hutumia leseni ya Apache 2.0, ambayo haipatani na GPL toleo la 2 lakini inapatana na toleo la 3. Na kwa kuwa sehemu ya msimbo iliandikwa na wenzangu, niliwaomba idhini ya maandishi, wakakubali tuhamie toleo la 3 la GPL. Nawasihi mnaofuata njia hii mkumbuke kwamba Apache hutoa ruhusa ya hataza za wachangiaji wenyewe, si za watu wa nje, na kwamba ruhusa hiyo hukoma kwa yeyote anayefungua kesi akidai programu husika imekiuka hataza yake.