Pistole ya babu imeandikwa A. WATERS 1838, ni original ama balibadirisha?

muana_kadutu
Bandugu jambo, niko Bukavu. Babu yangu alikufa mwaka jana na mu kantini yake (sanduku ya chuma) tukakuta pistole ya zamani sana, ile ya kushindilia baruti kwa mdomo, haina hata pa kuingizia masasi ya leo. Yeye alikuaga mpishi kwa muzungu moja wa plantasio ya chai mbele ya Uhuru, tunawaza njo huyo alimuachia. Baba mudogo anakaza eti ni ya mamerisenere (basoda ba kulipwa) ba muzungu Schramme, bale balikamata Bukavu 1967, lakini mi naona hapana, ju ku ubavu wa chuma nilipaka chaki nikafuta na kidole, maandishi yakatoka: A. WATERS, chini MILBURY MS, chini 1838. MS ni Mississippi? Mdeki (kijiti cha kushindilia) hautoki, umefungwa na vyuma viwili kama bawaba. Nyundo imebana kajiwe na kangozi. Kuko mutu wa kartie ya Nguba ananipa dola 150 leo leo, niuzishe? Nilianza kuisafisha na ndimu na majivu, nusu ya mtutu tayari inang'aa.

fundi_ibanda
Weka hiyo ndimu chini!! Wenye kukusanya silaha za kale wanalipia ule weusi wa miaka, ukiutoa na majivu umetupa pesa. Ile nusu iliyobaki usiiguse tena, paka mafuta kidogo basi.

Hiyo ni gumegume, yaani ya jiwe la kutoa cheche, ya jeshi la Marekani, modeli ya 1836. Mamerisenere wa Schramme wangefanya nayo nini jamani, risasi moja halafu unasimama kushindilia upya wakati wenzako wana bunduki za kisasa za FAL 😂 MS ni Massachusetts, zamani walikuwa wanaifupisha hivyo. Asa Waters alikuwa na kiwanda Millbury, mji uko na L mbili lakini ku chuma waliandika moja, kwa hiyo hiyo MILBURY isikutie wasiwasi. Mwingine aliyetengeneza ni Robert Johnson wa Middletown, Connecticut, na wote wawili pamoja walitoa kama 40,000. Ndiyo bastola ya mwisho ya jiwe jeshi lile liliagiza, maana modeli ya 1842 ikaja na fataki, kakofia kadogo kanakolipuka nyundo ikikagonga. Mdeki wa bawaba ni wa mpanda farasi, asiuangushe akiwa anashindilia.

Sasa swali lako la kubadirishwa ndilo lenye pesa. Miaka ya 1850 nyingi zilitolewa jiwe zikawekewa fataki, halafu baadaye wajanja wakazirudisha kwa jiwe ju jiwe njo inauzika. Shika tochi ya simu uangalie hapa: kisahani cha kuwekea baruti kiwe cha shaba ya njano. Juu ya mtutu kule nyuma pitisha ukucha polepole, ukisikia kaduara, kuna tundu lilizibwa. Na kitundu cha moto pembeni, kama ni kipana sana ama ni kipya kushinda chuma kinachokizunguka, ujue kuna mtu alipita hapo.

papa_esansi
Dola 150 pokea ndugu, njaa haiangalii antike

fundi_ibanda
@papa_esansi ikiwa safi na jiwe lake la mwanzo, kule Marekani inapita dola 1,000. Iliyorudishwa inashuka sana lakini si 150.

mama_wa_nyawera
Mimi namuuliza huyu mtoto kitu kimoja, unaipeleka Nguba na nini? Na pikipiki? Polisi akikukamata nayo mu begi utamuelezea 1838? Kule Marekani silaha ya mbele ya 1899 sheria yao inaihesabu ni kitu cha kale, lakini huku hatuko kule. Tafuta avoka (wakili) kwanza, kitu kikae nyumbani, foto zitoshe. Na yule mununuzi anayetaka leo leo, muulize haraka ya nini.

fundi_ibanda
Mama amesema kweli. Na mbele ya yote, kijana, uliangalia kama iko tupu? Ondoa jiwe ku nyundo. Chukua kijiti, ingiza taratibu mu mtutu mpaka kisimame, tia alama na kalamu ku mdomo, kisha kilaze nje ya mtutu. Kinapaswa kufika karibu na kile kitundu cha moto. Mtutu wote ni kama sentimita 21 na nusu.

muana_kadutu
Nimefanya. Kaduara ka juu sikusikia, kisahani ni cha njano. Lakini kijiti kimeingia sentimita 17 tu. Kitundu kiko mbali bado. Nimejaribu mara tatu.

fundi_ibanda
Basi imeshindiliwa. Usigonge, usisukume na chuma, mtu asivute sigara hapo karibu, na usiielekeze kwa mtu. Baruti nyeusi ikikaa kavu haizeeki. Tia mafuta mu mdomo na mu kitundu, ilale hivyo siku kadhaa, na mtu anayejua silaha aje aitoe hapo hapo nyumbani.

papa_esansi
Babu alikuwa tayari 😅

muana_kadutu
Jiwe nimeshatoa, mafuta nimetia. Mama yangu amesikia nikisoma kwa sauti, amebeba kantini na vyote ameweka nyuma ya kuku. Na mimi wakati wa ile ndimu nilikuwa naisugua pistole nimeipakata ku magoti, mdomo unaangalia tumbo.