Je, inafaa kuchanganya spika za aina tofauti katika mfumo wa sauti wa sebuleni?

Mkazi wa Shangani, Mtwara

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Sebule yangu ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4, kuta zake ni za tofali za saruji na sakafu ni ya vigae. Nina spika mbili ndefu za kusimama, za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ambazo nimezizoea na sitaki kuachana nazo. Hivi karibuni nilinunua kwa mtu spika ya kati, yaani ya kuwekwa mbele katikati ya zile ndefu, iliyokwisha kutumika, ya kampuni nyingine, na kwa upande wa nyuma nakusudia kufunga spika ndogo mbili zilizobaki kwenye seti ya zamani, ambazo zimeandikwa omu 3. Risiva yangu, yaani kifaa kinachoziendesha spika zote, imeandikwa omu 6 hadi 16.

Tatizo ni kwamba mhusika wa filamu anapotembea kutoka upande mmoja wa skrini kwenda wa pili, sauti yake hubadilika kana kwamba amekuwa mtu mwingine, na akiwa njiani, kabla ya kufika katikati, huwa nyembamba mno. Mama yangu, ambaye hukaa kochi la pembeni, huniuliza mara kwa mara kilichosemwa. Je, niendelee na mchanganyiko huu, au niuze zote nianze upya?

Fundi wa redio, Lindi mjini

Ndugu yangu, usiuze zote. Spika tatu za mbele ndizo zinazopaswa kuwa za ukoo mmoja, ikiwezekana za toleo moja na zenye twita (vipaza vidogo vya sauti nyembamba) za aina moja, kwa sababu maneno mengi ya filamu hutoka spika ya kati na kisha hupokezana na zile za pembeni. Washa sauti ya majaribio ya risiva, ule mvumo unaofanana na mvua ya mbali juu ya bati, uusikilize ukizunguka spika moja baada ya nyingine. Mvumo ukibadilika mlio hata baada ya kusawazisha ukubwa wa sauti, spika hizo hazipatani, na hakuna kitufe kitakachozipatanisha kabisa.

Za nyuma zinaweza kuwa za aina nyingine, kwa kuwa sikio halichambui sana mlio unaotoka huko. Hata hivyo, hizo zako za omu 3 usizifunge. Kwa volti zilezile, spika ya omu 3 hupitisha umeme mara mbili ya ile ya omu 6, na kwa joto letu la pwani risiva itachemka na kujizima, au itaungua. Tafuta ndogo za omu 8, uziweke pembeni mwa kochi, nyuma kidogo ya masikio, na besi yake, yaani sauti nene, uikate kwenye risiva chini ya hezi 100 au 120 ili kazi hiyo ifanywe na spika ya besi.

Mpenzi wa filamu, Mikindani

Mimi ningeiondoa kabisa spika ya kati. Ukiiambia risiva kwamba haipo, maneno hugawanywa sawa kwa spika mbili ndefu, na aliyekaa katikati huyasikia yakitoka kwenye skrini penyewe. Nimeishi hivyo kwa miaka mingi bila kujuta.

Fundi wa redio, Lindi mjini

Ushauri huo ni sahihi kwa anayetazama peke yake. Mama aliye kochi la pembeni atayasikia maneno yote yakitoka spika iliyo karibu naye, na mwenye shida ya kusikia hapa ni yeye.

Mwalimu wa fizikia, Masasi

Neno «njiani» limenishtua. Sauti ikitoka spika mbili kwa pamoja huku moja ikiwa imefungwa chanya kwenye hasi, moja husukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na sauti nene hufutana. Tafadhali kagua nyaya kabla ya kuilaumu spika. Kata pia ncha zilizoota kijani, maana chumvi ya bahari huila shaba.

Mkazi wa Shangani, Mtwara

Nawashukuru sana. Waya wa spika ya kati ulikuwa umegeuzwa, na nilipourekebisha ule wembamba wa njiani ulitoweka. Niliivuta spika hadi ukingoni mwa kabati, nikaiongezea desibeli 3, na jana mama alitazama filamu nzima bila kuniuliza neno. Tofauti ya mlio bado ipo, ingawa imepungua, kwa hiyo nitatafuta spika ya kati ya toleo moja na zile ndefu. Zile za omu 3 nimezirudisha kwenye boksi lake.