Nimeanza kujitegemea, nimekatwa 5%: anayeanza ana nafuu gani ya kodi?

Binti Nyegezi
Mwangaluka ndugu zangu. Tangu Januari mwaka jana niliacha kuajiriwa. Nachora lebo za vifungashio vya dagaa kwa akina mama wa mwalo wa Kirumba, na vipeperushi vya shirika moja hapa mjini Mwanza. Mwaka mzima niliingiza 5,400,000. Akina mama hulipa kidogo kidogo, lakini hulipa. Shirika tulikubaliana 3,000,000, nikapokea 2,850,000. Mhasibu wao akasema 150,000 ni kodi ya zuio. Iliniuma, maana kwangu hiyo ni bando la karibu miezi minne. TIN, namba ya mlipa kodi, ninayo. Je, anayeanza ana nafuu yoyote, au ile hela ndiyo imekwenda?

Sato wa Igombe
Pole dada. Nenda TRA, mamlaka ya mapato, ukakadiriwe kodi kwa mauzo yako, yaishe. Mimi nauza samaki, sina vitabu vya hesabu. Mauzo ya kati ya milioni 4 na 7 ni 100,000 kwa mwaka. Chini ya milioni 4 hulipi kitu.

Mama Vitabu, Pasiansi
Kaka, hiyo ni sawa kwa samaki wako. Utaratibu huo umewaacha nje watoa huduma za kitaalamu, ndiyo maana hata zuio alilokatwa ni lile la huduma.

Mdogo wangu, hiyo 150,000 bado ni yako. Ni kodi uliyotanguliza, wao wameipeleka TRA kwa jina lako. Nafuu ya anayeanza, kwa mtu wa kipato chako, imo kwenye hesabu yenyewe: kwa mtu binafsi 3,240,000 ya kwanza ya faida kwa mwaka haitozwi kitu, na inayofuata hadi 6,240,000 hutozwa 8%. Na nimesema faida, si mapato. Hapo ndipo vijana wengi wanaponyonywa na uvivu wa kutunza risiti, nasema kwa uchungu kwa sababu nawaona kila Juni. Kompyuta uliinunua bei gani? Bando na kuchapa sampuli je?

Binti Nyegezi
Kompyuta 1,200,000, niliinunua Januari hiyo hiyo, ni ya kazi tu. Bando 40,000 kwa mwezi. Sampuli na nauli za kivuko cha Kamanga kwenda kwa wateja wa Sengerema, jumla kama 600,000. Risiti nimezibana kwenye daftari.

Mama Vitabu, Pasiansi
Mungu akubariki kwa hilo daftari. Bei ya kompyuta haihesabiwi gharama yote mara moja, hukatiwa uchakavu wa 37.5%, kwa hiyo mwaka wa kwanza ni 450,000. Bando 480,000. Ongeza 600,000. Gharama 1,530,000, faida 3,870,000. Toa 3,240,000, inabaki 630,000. Asilimia 8 yake ni 50,400.

Umeshakatwa 150,000. Umezidisha 99,600, na hiyo unaweza kuidai au iwekwe kwenye kodi inayofuata. Lakini bila hati ya zuio, yaani karatasi ya kuthibitisha ulikatwa, na bila ritani, yaani taarifa yako ya mapato na kodi ya mwaka, hakuna wa kukuamini. Hati idai kwa yule mhasibu, ni haki yako. Ritani mwisho wake ni 30 Juni. Na makadirio ya kodi ya mwaka huu yapeleke kwa faida hiyo hiyo unayoiona kwenye daftari, usikubali kukisiwa.

Sato wa Igombe
Mama, na mimi nikiwa na vitabu?

Mama Vitabu, Pasiansi
Kwa mauzo ya hadi milioni 7, ni 3% ya kinachozidi milioni 4. Ukiuza milioni 5 ni 30,000 badala ya 100,000. Nunua daftari leo, kaka.

Binti Nyegezi
Nimempigia mhasibu. Anasema hati yangu imo kwenye faili tangu Oktoba, ila hakuna aliyekwenda kuiuliza. Kesho asubuhi naifuata kabla sijavuka Kamanga.