Naomba ushauri: gobole la kaliba (upana wa tundu la mtutu kwa inchi) .32 au .36?
Wakuu, kabla sijaomba leseni ya silaha hapa Dar, nisaidieni. Nataka gobole la shabaha na kuwindia kanga kwa kibali, lisilokula baruti nyingi.

Kaliba .32 inanivutia: gololi yake ya inchi .310 ina uzito wa greni 45 hivi, baruti greni 20 tu, hivyo pauni moja (greni 7,000) inatoa mishindo 350. Gololi ya .45 inakula madini ya risasi karibu mara tatu. Shida ya .32 ni masizi: mtutu mwembamba huziba upesi, ukilazimisha mdeki wa mbao (fimbo ya kushindilia gololi mtutuni) unavunjika. Upepo nao huiyumbisha gololi.

Je, .36 yenye gololi ya greni 65 haifai zaidi? Na kwa kuwa masizi hunyonya unyevu, huku pwani mkishasafisha kwa maji ya moto mnapaka mafuta gani kuzuia kutu?